Glavu za Barazani

Kazi ya glavu ni gumba. Vile vidole vinne vingine vimelala pamoja, unavifuata tu kama mtu anayetembea juu ya tuta la jaruba, lakini gumba limekaa upande wake peke yake, lina kona ya ghafla, na hapo kwenye kona tabaka tatu za ngozi zinakutana na bitana. Ukikosea mahali hapo, fundi wa kuchomelea vyuma atakayeivaa atapenyezewa cheche mpaka kwenye nyama. Ngatini alikuwa yuko kwenye kona hiyo, pumzi ameibana, mguu unakanyaga pedali ya cherehani kidogo kidogo, pikipiki ya Jumadi ilipoingia uani na kuwatawanya kuku.

“Bu! Acha, acha hiyo kazi!” alipaza sauti, kwa Bu ile ya kumwita mama.

Hakuacha. Kona haiachwi katikati. Alilimaliza gumba, akaigeuza glavu, akafunga fundo dogo la uzi wa kijani kwa ndani, akalikata kwa meno, ndipo akainua uso.

“Salamu kwanza, Mas Jumadi, kaka yangu. Au nazo zimepanda bei kama mafuta ya kula?”

Jumadi alicheka nusu, nusu nyingine akaimeza. Ndiye aliyekuwa akibeba kazi kutoka kiwandani na kuisambaza kwenye nyumba arobaini za vitongoji vitatu, ngozi zilizokatwa asubuhi, glavu zilizoshonwa jioni. Miaka kumi na minne sasa. Jasho lilikuwa limemlowesha shati na jua hata halijachomoza vizuri.

“Kimenuka, Bu. Mkaguzi amekuja. Tuliambiwa wiki ijayo, kumbe yuko hotelini mjini Jogja tangu jana. Saa tatu anaingia kiwandani.”

“Kwani mimi kiwanda?”

“Ndiyo tatizo lenyewe.”

Akavua kofia ya pikipiki, akakaa kwenye ukingo wa baraza na kueleza harakaharaka, kama mtu anayekariri kitu alichokaririshwa. Mnunuzi wa ng’ambo, yule anayewauzia mafundi wa kule glavu na buti na miwani ya kujikinga kazini, sasa anataka hati kwamba kila glavu imetengenezwa kwa haki. Asiwepo mtoto aliyeshona. Rangi ya ngozi isimwagwe mtoni. Mfanyakazi asilazimishwe. Na glavu isishonwe nje ya geti la kiwanda, kwa sababu kilichoko nje ya geti hakionekani.

“Nje ya geti, maana yake nyinyi,” Jumadi alisema.

“Tumefanya nini sisi?”

“Hamjafanya kitu, Bu. Mpo tu.”

Akataja aliyotumwa. Jozi zote zilizoko kwenye magunia zikatwe mafundo ya rangi, sasa hivi, isibaki nalo hata moja. Halafu Ngatini apande pikipiki waende wote. Mgeni anataka kuona glavu za kuchomelea zikishonwa, na wasichana wa mle ndani wanashona za bustani tu. Gumba la tabaka tatu likiwajia wanavunja sindano. “Siku moja, Bu. Unakaa kwenye foleni ya cherehani kama mwajiriwa, unajibu maswali mawili matatu, mgeni anaondoka, kazi inarudi hapa hapa barazani. Nakuapia kwa roho ya mama yangu.”

“Na nikikataa?”

Jumadi hakumtazama. Aliitazama cherehani. Ilikuwa mali ya kiwanda. Kila mtu alilijua hilo, na kwa miaka mingi hapakuwa na sababu ya kulisema.

Ngatini naye alimtazama Wagiran, mumewe, aliyelala kwenye kitanda cha mianzi hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto mwaka wa nne huu. Alikuwa wa kugeuzwa, wa kulishwa uji, wa kushikwa mkono kwenda chooni. Ngatini alikuwa akishona na sikio moja likiwa kwake. Akisikia mianzi inalia kwa namna fulani, anaachia pedali, anainuka, anamgeuza, anarudi kwenye gumba lake. Kazi isingekuwepo barazani, ama angemwacha mume, ama angeacha kula. Hakuna cha tatu. Kwa hiyo ukweli ni kwamba alikuwa ameshakubali kabla hajauliza.

“Mwite Sugiyah aje akae naye,” alisema. “Nami nipe mkasi ule mdogo.”

Alianza kukata mafundo. Jozi sitini, magumba mia na ishirini. Jamani, kuna kazi nyepesi zinazouma kuliko nzito. Mkasi ulikuwa ukisema tik, tik, na vipande vya uzi wa kijani vikamdondokea mapajani, na kila kimoja alijua alikifunga siku gani, kwa sababu wa Jumatatu ulikuwa uzi mpya na wa jana ulikuwa wa mwisho wa kibiringo.

Rangi ya kijani alipewa na mama yake. Enzi hizo baraza hili hili lilikuwa na wanawake sita, cherehani sita za kukanyaga kwa miguu, na redio moja juu ya kabati iliyokuwa ikitoa michezo ya wafalme wa zamani wa Java kila siku alasiri. Malkia akisalitiwa, cherehani zote zilikuwa zinasimama. Chai ilikuwa nzito na sukari ya mawe, mihogo ya kuchemsha imewekwa kwenye jani la mgomba, na mama yake, Mbah Karsinah, bibi wa wote pale, akipita nyuma ya migongo yao kuangalia magumba. Glavu zote zilikuwa zinachanganywa kwenye tenga moja kabla ya kwenda kugeuzwa, hivyo kila mwanamke alifunga fundo la rangi yake. Gumba likija kufumuka, lina mwenyewe. Mbah Karsinah hakupiga kelele. Alikuwa anakuwekea tu ile glavu juu ya cherehani yako, gumba limefunuliwa, na aibu ile ungekwenda nayo mpaka kisimani na kurudi.

Na mzee Brotoseno mwenye kiwanda alikuwa akija mwenyewe, kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kamba asichafue. Hakuwa na fomu. Alikuwa anatia mkono kwenye tenga, anatoa glavu yoyote, anaivaa, anakwenda jikoni kwa Mbah Karsinah, anachukua kaa la moto mekoni na kulishika. Wanawake wote wanahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu… Wakifika kumi bila yeye kukunja uso, kazi imekubaliwa. Siku aliyofika sita akalitupa kaa, hakumgombeza mtu. Alisema, “Hapa pana mtu ameshona huku anawaza mkopo,” na wote wakacheka, na mwenye mkopo akacheka zaidi. Ndiye aliyezileta hizi za umeme baadaye. Aliigonga ile ya Mbah Karsinah kichwani kama mtu anayempiga mtoto kikofi cha mapenzi, akasema itakaa hapa mpaka ichoke yenyewe.

Mzee alikufa. Mbah Karsinah alikufa. Redio ilikufa pia, ingawa bado iko juu ya kabati.

“Unalia au una mafua?” Ilikuwa sauti ya Sugiyah, jirani, aliyekuwa amefika na chungu cha uji wa mchele kwapani.

“Vumbi la ngozi.”

“Vumbi la ngozi, miaka yote hiyo, leo ndiyo limekuingia machoni.” Sugiyah aliketi kando ya Wagiran na kumpangusa mdomo. “Usijali, Kang Wagiran, nitakulisha mimi. Si mimi niliyekuoza?”

Hata Jumadi alicheka, maana kisa hicho kilijulikana vitongoji vitatu. Wagiran alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, kijana, nywele zimeungua mbele. Siku moja alitembea kilomita sita na glavu mkononi mpaka barazani kwa Mbah Karsinah, akasimama uani, akauliza mbele ya wanawake sita, “Samahani, mwenye fundo la kijani ni nani?” Akaeleza kwamba amevaa jozi tatu za fundo la kijani hajaungua hata mara moja, mwezi huu amepewa yenye fundo la njano, na akaonyesha lengelenge. Mwenye njano alikuwa Sugiyah. Mwenye kijani aliinamia cherehani yake mpaka pua ikakaribia kushonwa. Baada ya hapo glavu za kijana yule zilianza kuchakaa kila wiki, ajabu kabisa, na kila wiki alizileta mwenyewe. Tangu hapo Sugiyah hajaacha kuwakumbusha: bila gumba langu bovu, nyinyi mngejuana wapi?

Wagiran aliinua mkono mzima, akamwashiria Ngatini: nenda. Akaenda.

Kiwandani walimpa barakoa mpya, vizibo vya masikio, na buti za ngozi zilizombana vidole. Vyote vilikuwa na harufu ya boksi. Msichana wa ofisini alimvika beji shingoni bila kumtazama. Iliandikwa Retnowati, umri miaka ishirini na sita, ameanza kazi mwezi wa pili mwaka huu. Retnowati mwenyewe alikuwa ameshakwenda Taiwan kutunza wazee wa watu.

“Dada Retnowati,” alinong’ona binti wa cherehani ya pili, macho yanacheka juu ya barakoa, “umezeeka hivi ghafla, mume gani huyo?”

“Shika adabu. Nikivua barakoa utaniamkia.”

Msimamizi alipita akiwakaririsha. Mnatoka saa ngapi? Saa kumi. Ziada mnalipwa? Tunalipwa. Kuna anayeshonea nyumbani? Hakuna, wala hatujawahi kusikia. Ngatini alirudia pamoja na wengine. Juu ya vichwa vyao taa zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza, madirisha yamefungwa, na harufu ya gundi ilianza kumkaa kwenye paji la uso. Alimfikiria Wagiran. Saa nne sasa, wakati wa kumgeuza ubavu wa kulia. Alisali Sugiyah asisahau.

Mkaguzi hakuwa Mzungu. Alikuwa msichana wa watu wa mjini Semarang aitwaye Vania, nywele fupi, hana hata thelathini, amebeba begi zito kuliko yeye. Alipita foleni nzima akiandika, kisha akaenda kwenye kabati la sampuli, lile ambalo hakuna aliyelikumbuka asubuhi ile, si Jumadi wala bosi. Aliporudi alivuta kistuli na kukaa kando ya Ngatini, chini kidogo yake, magoti pamoja.

“Naomba radhi kukusumbua, Bu,” alisema. “Naweza kutazama?”

Hapo ndipo Ngatini alipovunjika nguvu, kwa sababu msichana alisema kwa Kijava cha heshima, kile cha kuongea na mama mkwe, ambacho hata watoto wake mwenyewe walikuwa wamekisahau. Alijiandaa kwa mtu mkali. Kwa adabu hakuwa amejiandaa.

“Tazama tu, Mbak,” alimjibu kama anayemwita dada. “ Hakuna cha kutazama lakini.”

Akashona. Buti zinabana, kichwa kinauma, lakini mkono ulipokutana na tabaka tatu ulijua njia. Ngozi ikageuka kwenye kona bila kukunjamana. Vania alishusha kalamu, akawa anatazama tu kama watu wanavyotazama mtu anayesuka nywele vizuri. Ngatini alihisi furaha ya kitoto, akaitoa glavu kwenye sindano, akaifunua, akavuta uzi kutoka kwenye mfuko wa kebaya, blauzi yake, akafunga fundo, akalikata kwa meno.

Binti wa cherehani ya pili aliacha kushona.

Ngatini naye akaliona. La kijani, limekaa ndani ya gumba kama siku zote. Mafundo mia na ishirini ameyakata asubuhi kwa mkono huu huu, na mkono huu huu, bila kumuuliza mtu, umekwenda kufunga jingine mbele ya mkaguzi! Mazoea hayana huruma. Miaka thelathini na sita mkono haukuwahi kumaliza gumba bila kuweka fundo, nao haukuambiwa kwamba leo ni siku ya uongo.

Vania alifungua begi, akatoa glavu tatu za sampuli na kuzipanga kwenye meza, magumba yamefunuliwa. Kijani, kijani, kijani.

“Hii ni ya mwaka jana,” alisema taratibu. “Hii ya miaka mitatu iliyopita. Na beji yako, Bu, inasema umeanza mwezi wa pili.”

Ngatini aliishika beji kifuani, akaigeuza maandishi yaangalie ndani.

“Sikuja kumkamata mtu. Wanaovaa glavu hizi wanataka kujua zimetoka mkononi mwa nani, na kama huyo mtu anatendewa vizuri. Basi.”

“Ndiyo kazi ya fundo,” Ngatini alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. “Wanataka kujua imeshonwa na nani? Tulishawaambia, Mbak! Kila gumba tumewaambia. Kijani ni mimi. Njano ni Sugiyah. Buluu alikuwa Bi Tarmi, amekwisha fariki. Mnatafuta nini tena kwenye makaratasi?”

Na akavua barakoa. Alimweleza yote. Baraza, mama yake, kaa la moto la mzee Brotoseno, mume aliyelala hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Aliyasema kwa fahari, tuseme ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye kalamu kumuuliza. Vania aliandika, aliandika, akageuza ukurasa. Ngatini akaona kwamba labda Mungu ndiye aliyeuongoza mkono wake, kwamba msichana huyu mwenye adabu atawaeleza wakubwa jinsi mambo yalivyo, na hakutakuwa na haja ya kujificha tena.

“Andika vizuri,” alimhimiza. “Andika pale pana upepo. Hapa ndani nina saa mbili tu kichwa kinapasuka, kule sijawahi kuumwa kichwa. Andika hakuna mtoto anayeshona. Andika mume wangu hajawahi kupata kidonda cha kulala, njoo umtazame mgongo.”

Kalamu ilisimama.

“Bu,” Vania alisema. “Kwenye fomu yangu swali ni moja. Imeshonwa nje ya kiwanda, ndiyo au hapana. Chini yake wameacha mstari wa kuandika kosa limerekebishwaje.”

“Mstari mmoja?”

“Mmoja.”

“Na upepo utauandika wapi?”

Msichana alitazama buti za Ngatini. Alisema atapendekeza wanawake wa nyumbani waajiriwe humu ndani, kwa mkataba na bima. Ngatini akamwambia, bila hasira, kwamba getini kuna bango la ajira: mwisho miaka thelathini na tano. Tena akiajiriwa, nani atamgeuza Wagiran? Vania akasema basi atapendekeza wapewe muda.

“Muda wa kufanya nini, Mbak?”

Vania alifunga kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu, na Ngatini, ajabu ya Mungu, alimhurumia. Alimpigapiga goti kama alivyokuwa akimpiga mwanawe aliposhindwa mtihani.

Saa nane mchana mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Bosi, mtoto wa mzee Brotoseno aliyesomea biashara Australia, hakupandisha sauti. Aliuliza tu ndege ya mgeni inaondoka saa ngapi. Kosa likirekebishwa leo hii, kabla ripoti haijatumwa, ripoti itaandikwa “limerekebishwa” na cheti kitatoka. Likibaki mpaka kesho, mnunuzi anahamia kwingine. Rekebisho lilikuwa rahisi: cherehani zote arobaini zirudi kiwandani kabla ya Magharibi.

Jumadi ndiye aliyemrudisha Ngatini kwa pikipiki, lori dogo likiwa limewatangulia. Walipopita penye kiwanda cha sukari cha zamani, ambacho siku hizi watu wanapigia picha za harusi, ndipo alipozungumza bila kugeuka.

“Umeniua, Bu.”

“Najua.”

“Nikimaliza kukusanya hizi arobaini, na mimi sina kazi. Nitasambaza nini tena? Upepo wako?”

“Nisamehe, Mas. Mkono ulinisaliti.”

“Mkono,” Jumadi alisema. Akakwepa shimo la barabarani. “Mke wangu yeye aliacha kufunga fundo tangu mwaka juzi. Alisema ni ushamba.”

Ya Sugiyah ilikuwa imeshapakiwa walipoingia uani. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama barazani kwa Ngatini, mikono kiunoni, akimrushia dereva maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya wagonjwa. “Chukueni na meno yangu! Nayo nimekatia nyuzi zenu!” Alipomwona rafiki yake alinyamaza. Alikuwa ameshasikia, habari mbaya haipandi pikipiki, inaruka. Ngatini alisubiri atukanwe. Alistahili, aliona, nyumba arobaini zilikuwa zinalala bila kazi kwa fundo lake moja.

“Nimemgeuza saa nne na saa saba,” Sugiyah alisema. “Uji kamaliza.”

Wanaume wawili waliinyanyua cherehani. Ilikuwa nzito, mmoja alisema neno, mwingine akahesabu mpaka tatu. Wagiran alitoa sauti kutoka kitandani, ile sauti yake ya sasa isiyo na konsonanti, akanyoosha mkono mzima kuifuata, na machozi yakamtoka upande mmoja tu wa uso, yakaingia sikioni. Ngatini alimfuta kwa kanga. Kwenye sakafu ya saruji palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, mviringo, zimezama kidogo, na katikati yake saruji ilikuwa imelainika na kung’aa kwa nyayo zake na za mama yake.

Jumadi alitoa karatasi ya kutia sahihi. Ngatini aliisoma yote akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kusoma. Ilisema kwamba kiwanda, kwa kujali usalama na haki, kimewakinga wafanyakazi arobaini dhidi ya mazingira ya kazi yasiyosimamiwa. Alisaini. Asingesaini wangefanya nini, wairudishe?

“Bado kitu kimoja, Bu.” Jumadi alikuwa ameshika simu, anaigeuzageuza. “Picha. Kila nyumba, baraza likiwa tupu. Ndiyo ushahidi. Dakika moja tu.”

Akarudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, akainua simu. Ngatini aliingia ndani. Akatoka na ungo wa karanga ambazo hazijamenywa, akapita mbele ya mumewe, akaketi sakafuni katikati ya zile alama nne, akakunja miguu na kuanza kumenya.

“Bu. Sogea kidogo.”

“Wapi?”

“Popote. Upande. Nipige tu halafu urudi.”

“Miaka thelathini na sita nimekaa hapa, Mas. Leo ndiyo naharibu picha?”

Sugiyah aliguna, akaja akaketi kando yake, akatia mkono kwenye ungo. Jumadi alihamia kushoto. Huko kitanda cha mianzi kilimkabili, na Wagiran akimtazama moja kwa moja kwa jicho lake zima. Akahamia kulia, akapata nguzo na magoti ya wanawake wawili. Dereva wa lori alipiga honi.

“Nina nyumba thelathini na nane bado,” Jumadi alisema, na sauti ilikuwa ya kuomba. “Wanataka tupu. Nikiwatumia hii wataniuliza huyu aliyekaa hapa ni nani.”

Ngatini alivunja ganda, akapuliza vumbi lake, akamwekea Wagiran punje mbili kwenye kiganja chake kizima.

“Waambie ndiye mfanyakazi mliyemkinga,” alisema.

Jumadi alisimama pale pale penye kamba ya nguo, simu imeinuliwa, akingoja ainuke. Ngatini aliendelea kumenya karanga.